Mshipi Niliomfunga Baba Mkwe

Jamani, niacheni niisimulie mwenyewe, maana nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Ukifika Kalembe leo ukauliza nyumba ya wakwe zake Bahati, yule anayesoma hesabu chuo kikuu, watu watakukodolea macho tu, lakini uliza ya Mukwe Kirayi, na hata mama anayeuza mihogo kando ya barabara ataacha biashara yake akupeleke mpaka mlangoni, akicheka njia nzima. Mukwe Kirayi ni mimi. Aibu hii ni yangu peke yangu na sitajitetea (nitajitetea kidogo huko mbele, mtanivumilia). Naomba tu ijulikane kwamba lile jeneza wanalolisema sokoni halikuwepo. Zilikuwa mbao tu.

Kwanza mjue ninachosoma, la sivyo mtadhani mimi ni mganga. Ninatafiti hesabu ambazo kule chuoni wanaziita problèmes inverses, matatizo ya kinyumenyume. Kwa kawaida mtu anakupa kitu na kukuuliza kitatoa jibu gani, ila sisi tunapewa jibu na kuulizwa kitu chenyewe kilikuwa nini. Mnajua mfanyabiashara anavyogonga pipa la mawese kwa kidole na kusikiliza limejaa mpaka wapi? Pipa halijafunguliwa, lakini sauti imemwambia. Mimi nagonga kwa umeme. Nilitengeneza mshipi kwa mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, nikaushonea vipande vya shaba pande zote, kila kipande na waya wake, halafu umeme mdogo mno unaingia hapa na kupimwa pale, na kompyuta inapiga hesabu na kuchora picha ya kilichomo ndani.

Sasa shida iko hapa, na tafadhali mnisikilize vizuri maana ndipo nilipozikwa. Ukiwa nje, vitu vingi tofauti vya ndani vinatoa vipimo vinavyokaribiana sana, kwa hiyo ukiiachia kompyuta ijitafutie yenyewe itakuchorea takataka. Lazima uidokezee mapema unatarajia kukuta nini. Huo si udanganyifu, ndiyo kazi yenyewe, tunaandika kurasa na kurasa kuhusu kiasi cha kudokeza. Pale nyumbani Nyamitaba nilikuwa nafanya majaribio na ndoo ya maji yenye chumvi kidogo, nazamisha ndani yake kirayi kimoja (kiazi mviringo, kwetu Masisi ndicho chakula na ndicho shamba), halafu naiambia kompyuta: humo ndani kuna kitu kimoja, kigumu, ukubwa wa ngumi, nitafutie kiko upande gani. Nayo inakipata. Kila mara! Mama yangu, ambaye ndoo ilikuwa yake na kirayi chake, alikuwa ananiuliza (njo yetu ni ndiyo yenu, na mo ni humo), "Si wewe mwenyewe njo ulikitia mo? Sasa unafurahia nini?" Profesa wangu naye aliniambia jambo lilelile kwa Kifaransa kizuri zaidi: ukimwandikia mwanafunzi jibu kwenye kiganja usishangilie akifaulu mtihani, nenda ukapime kitu ambacho hukukiweka wewe. Nikamjibu ndiyo, Profesa. Nilimjibu hivyo kwa mdomo.

Basi, Kavira. Kavira anafundisha Kifaransa shule ya sekondari pale Kalembe, tulijuana Goma alipokuwa akisoma, na sitawaeleza mengi zaidi kwa sababu atasoma haya, ila mjue kwamba mimi kwa yule dada nilikuwa nimekwisha kabisa. Baba yake, Papa Paluku, ni Mnande wa Butembo, mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, ana duka na magari yanayoteremsha bidhaa hadi Walikale na kupandisha mawese. Alikuwa ameshamfukuza mchumba mmoja, mtu wa ofisi kutoka Goma mwenye suti nzuri, eti kwa kuwa alikaa kabla ya kuambiwa akae. Na kulikuwa na mfanyabiashara mmoja kijana, mtu wa kwao, anasubiri zamu yake kimyakimya. Kavira alinieleza wazi: Papa husikiliza mara moja tu, na akisema hapana, ni hapana mpaka kaburini.

Wiki ile barabara ilikuwa imefunguka, kwa hiyo Jumapili tukapanda pikipiki mimi na Papa Bauma, mdogo wake marehemu baba, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu (anaongea sana, tulidhani ni sifa nzuri). Tulibeba jibini za kwetu Nyamitaba, zile za mviringo, zimefungwa majani ya mgomba. Mimi nilibeba na begi langu lenye mshipi na kompyuta, kwa sababu kutoka pale nilikuwa niende moja kwa moja Goma kumwona Profesa. Mama alisema begi nilipitie baadaye. Sikumsikiliza.

Tukakaribishwa vizuri. Tukangojea kuambiwa tukae, tukaambiwa, tukakaa. Sebule ilikuwa imejaa: Papa Paluku kwenye kiti chake, mkewe Mama Masika, dada wa Papa Paluku, Shangazi Kanyere, katekista wa parokia, na majirani waliotoka misa wakapitia kuona mkwe ana sura gani. Ukutani kulikuwa na televisheni kubwa ya umeme wa jua. Jibini ikakatwa, ikasifiwa, soda zikafunguliwa, Papa Bauma akasema maneno mazuri ya kufungulia mlango, na mambo yalikuwa yanaenda sawa kabisa mpaka Papa Paluku alipogeuka kwangu.

"Sasa, mutoto ya Nyamitaba, kule ku université unasomaka nini?"

"Hesabu, Papa."

"Hesabu." Akatafuna jibini yake polepole. "Hata mimi nahesabiaka bidon ya mawese kila siku, na siko na diplôme."

Watu wakacheka. Nami ningecheka nao tu, mambo yangeisha, tungeendelea na jibini, leo ningekuwa naitwa Bahati. Lakini Kavira alikuwa amekaa pale akiinamisha kichwa, nikaona ameaibika kwa ajili yangu, na kitu fulani kikanipanda kichwani.

"Papa," nikasema, "mimi naangaliaka ndani ya kintu bila kuifungua."

Kavira akanikanyaga. Nilidhani ananipongeza.

"Bila kuifungua?" akauliza Papa Paluku, na safari hii aliacha kutafuna. "Hata muntu?"

"Hata muntu, Papa." (Nilikuwa sijawahi kupima hata kuku.)

"Huyu mutoto iko na akili mingi sana!" akadakia Papa Bauma. "Kule Goma baprofesa banamuogopa. Bahati, fungua begi baone!"

Begi likafunguliwa. Kijana mmoja wa dukani akaleta waya, kompyuta ikaunganishwa na televisheni ili kila mtu aone, na Papa Paluku, ambaye hakuwahi kuruhusu kitu kipya kiingie nyumbani kwake bila kukikagua mwenyewe, akasimama, akavua koti, akavua shati, akabaki na singileti, akasema, "Anzia kwangu." Nikachovya vipande vya shaba kwenye ndoo ya maji ya chumvi waliyoniletea, nikamzungushia mshipi juu kidogo ya kitovu, naye akaruka, "Yezu! Iko baridi!" na watu wakacheka tena, ila sasa kilikuwa kicheko changu, cha upande wangu. Nilijisikia mkubwa. Nikabonyeza.

Kwenye televisheni ikatokea duara la buluu. Halafu, taratibu, upande wa kulia chini ya mbavu, likajitokeza doa jekundu, zuri, limejikusanya, limetulia.

Nami, Mungu anisamehe, nikapiga kelele kwa furaha. "Ile pale! Ile pale!"

"Unaona nini?" akauliza Papa Paluku.

Ndipo nikagundua ninachokishangilia. Nikaliangalia lile doa, nikamwangalia mtu mzima amesimama na singileti katikati ya familia yake, na furaha yote ikanishuka miguuni. Kwa maana niliamini, ndugu zangu, msidhani nilikuwa nacheza. Niliiamini mashine yangu kuliko macho yangu.

"Papa," nikasema kwa sauti ndogo, "mo kuna kintu. Kimoja. Kigumu. Ukubwa ya ngumi."

(Maneno hayo mmeshayasikia wapi? Nanyi mmeyakumbuka haraka kuliko mimi. Yule kirayi nilimdokeza mimi mwenyewe, Nyamitaba, kando ya ndoo ya mama, na sikumtoa. Alikuwa bado humo ndani ya kompyuta akisubiri tumbo la kuingia.)

Papa Bauma, badala ya kunyamaza, akaongeza, "Na hii mashine haidanganyake!"

Mama Masika akaweka sahani chini, na sahani ikagonga meza, na hiyo ndiyo sauti pekee niliyoisikia. Papa Paluku akakaa polepole na mshipi wangu bado tumboni, akajishika pale kwenye ini, akasema, "Njo maana. Njo maana tangu Pasaka nasikia kuchoka." Shangazi Kanyere akaanza Salamu Maria, katekista akaipokea, majirani wakaitikia, na mimi nimesimama katikati nimeshika waya.

Jamani, sikuwahi kuona mtu akijiandaa kufa kwa utaratibu kama ule. Papa Paluku aliomba simu. Akampigia mdogo wake, Papa Kasereka, aliyeko Walikale, na mjue kwamba ndugu hao wawili walikuwa hawasemezani miaka mingi kwa sababu ya lori. Lori lilikuwa lao wote wawili, na mkubwa alipokwenda Butembo msibani, mdogo akalipaka rangi na kuandika mbele jina la mtoto wake mwenyewe. Mambo yaliishia hapo, kila mtu na gari lake, kila mtu na mji wake. Sasa Papa Paluku aliweka simu kwenye spika ili wote tuwe mashahidi.

"Kasereka. Njo mimi. Niko nakufa. Banaona kintu mu tumbo, iko ku televisheni. Ile lori... andika jina yenye unapenda. Nimekusamehe. Unisamehe pia."

Upande wa pili tukasikia mwanaume mzima analia, "Yaya! Yaya!" yaani kaka mkubwa, halafu mtandao ukakatika.

Kisha akanigeukia. Nilitamani sakafu ifunguke. "Bahati. Weye njo umeona. Daktari haikuona, padri haikuona, weye umeona." Akamwita Kavira, akachukua mkono wake, akauweka juu ya mkono wangu, mbele ya watu wote, mbele ya katekista. "Sipende kwenda na kuacha mutoto bila nyumba. Muchukue. Mbuzi mutaongea na Kasereka."

Nilikuwa nimepewa. Nilichokuja kukiomba nilikuwa nimekishika mkononi, na mkono wa Kavira ulikuwa baridi na umelowa machozi, nami nikagundua kwamba siwezi kufurahi hata kidogo. Akaninong'oneza, "Uko hakika?" Nikamwambia, "Mashine iko hakika." Akaniangalia kwa namna ambayo sijaisahau.

Sasa, ingeishia hapo, msiba ungekuwa wa nyumba moja. Lakini Shangazi Kanyere akafuta machozi na kusema hawezi kumwacha kaka yake aende peke yake, apimwe naye ajue hali ya tumbo lake. Tukamzungushia mshipi juu ya kitenge. Doa jekundu. Upande wa kushoto, lakini ukubwa uleule. Akaketi kando ya kaka yake, wakashikana mikono. Katekista akajitolea, kwa ujasiri wa kikristo. Doa jekundu. Jirani mmoja mwembamba kabisa, ambaye kama angekuwa na ngumi tumboni tungeiona kwa macho, doa jekundu. Watu wakapanga mstari mpaka nje dukani, na kila aliyetoka kwenye mshipi alitoka na ngumi yake, na mimi, badala ya kushtuka, nikawa najiambia kichwani kwamba huu ni ugonjwa mpya na labda nitaandika makala.

"Iko maji ya mutoni," akasema mmoja.

"Hapana," akasema jirani mwembamba, naye akaangalia meza. "Siye bote tulikula nini leo?"

Wote wakageuza macho kwenye jibini.

Hapo mambo yakageuka. Kumbe tulileta sumu! Watu wa Nyamitaba wameleta sumu ukweni, kwenye majani ya mgomba! Papa Bauma, aliyeona heshima ya ukoo inaanguka, akanyakua kipande kikubwa cha jibini, akakitumbukiza chote mdomoni, akasema kitu ambacho hakikueleweka kwa sababu ya jibini, kisha akajifunga mshipi mwenyewe ili aonyeshe dunia kwamba tumbo lake ni safi.

Doa jekundu.

Nilimwona baba yangu mdogo akiacha kutafuna. Sijawahi kumwona akinyamaza muda mrefu namna ile, wala kabla wala baadaye. Kijana wa dukani alikuwa ameshafunga mlango wa nje, na wanaume wawili walikuwa wanatuzungumzia pembeni kwa Kinande, na sielewi Kinande, lakini niliielewa sauti.

Aliyetuokoa ni usafi wa Kavira. Mshipi ulikuwa umepita kwenye matumbo ya nusu ya parokia, umejaa jasho, basi akamvua Papa Bauma na kuutumbukiza kwenye ndoo ya maji ya chumvi niliyokuwa nachovyea, ausuuze. Mpira ukajikunjua na kukaa duara kwenye ukuta wa ndoo, kama ulivyozoea kule nyumbani. Hakuna aliyeigusa kompyuta. Ilikuwa inaendelea na kazi yake. Nasi tulikuwa tunabishana kuhusu jibini, mpaka Shangazi Kanyere, ambaye alikuwa peke yake anaangalia televisheni kama anavyoangalia michezo ya jioni, akainua kidole.

"Eh! Mama yangu! Hata ndoo iko na ugonjwa!"

Tukageuka. Duara la buluu. Doa jekundu. Moja, limejikusanya, limetulia.

Kavira akachungulia ndani ya ndoo. Akaingiza mkono, akaupitisha chini, akautoa. Maji matupu.

"Bahati," akasema, kwa Kifaransa cha darasani, kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele zote. "Uliiambia hii mashine itafute nini?"

Nikakumbuka. Yote kwa mara moja: ndoo ya mama, Profesa, kiganja, ndiyo Profesa.

"Kirayi," nikasema.

"Nini?" akauliza Papa Paluku.

"Kirayi, Papa. Ile yenye tunakulaka. Niliiambia kwamba mo ndani kuna kirayi kimoja, inionyeshe iko wapi. Nikasahau kukitoa. Kwa hiyo inaonaka kirayi... kwa kila muntu."

Nilijaribu kueleza zaidi, nilitaja hata udokezi na vipimo vinavyokaribiana, lakini nadhani hakuna aliyesikia. Papa Paluku alijishika tumbo. Akalibonyeza upande wa kulia, akalibonyeza upande wa kushoto. Akasimama, akavaa shati lake, kifungo kwa kifungo, akavaa koti. Watu walikuwa wameanza kucheka nje ya duka, kicheko kilichokuwa kinapita kutoka mlango hadi mlango mpaka barabarani, na mtu mmoja akapaza sauti, "Papa Katekista, kirayi yako iko ya kukaanga ao ya kuchemsha?" Lakini Papa Paluku hakucheka.

"Nilitoa mutoto juu nilijua niko nakufa," akasema. "Sasa sikufe. Ile neno naichukua tena. Na weye hautoke hapa. Ndugu yangu iko nalia kule Walikale. Muite umuelezee."

Tukapiga. Mtandao hakuna. Tukapanda kilima nyuma ya kanisa, tukapiga, hakuna. Tulipiga mpaka jua likazama, na mvua ikashuka, na Papa Bauma nami tukalala kwenye ghala la duka, juu ya magunia, tukinusa chumvi na sabuni. Kavira alituletea chakula. Alichungulia begi langu, akalisogeza mbali na mimi kwa mguu, kisha akaondoka.

Asubuhi tukasikia lori. Kabla ya lori tukasikia vilio. Papa Kasereka alikuwa ameendesha usiku kucha kwenye matope ya msitu, amewapakia shangazi na binamu wa Walikale wote, wameshafunga vitambaa vya msiba kichwani, na nyuma alikuwa amepakia mbao, mbao nzuri nyekundu za msituni, kwa ajili ya kaka yake. Akaruka chini kabla lori halijasimama, akakimbia kuelekea mlangoni, na pale barazani amesimama Papa Paluku na kikombe cha chai.

"Yaya?"

"Karibu."

"Haukufa?"

"Bado." Akaninyooshea kikombe. "Huyu atakuelezea."

Nimewahi kusimama mbele ya maprofesa, sijawahi kusimama mbele ya jopo gumu kama lile. Nilimweleza mtu mwenye matope hadi magotini, macho mekundu, kila kitu tangu mwanzo: mshipi, ndoo, dokezo, kirayi. Alinisikiliza bila kupepesa. Wanawake kwenye lori walikuwa wameinama wote kusikiliza.

"Kwa hiyo," akasema mwishoni, "toka Walikale mpaka hapa nililia kirayi."

"Ndiyo, Papa."

Akageuka, akaenda kwenye lori, akavuta ubao mmoja mrefu. Papa Bauma akajificha nyuma yangu (msemaji wetu!). Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, Papa Kasereka alikuwa ameulaza ubao chini na kukaa juu yake, mabega yanatikisika, na kwa muda hatukujua anacheka au analia, hata yeye sidhani alijua. Papa Paluku alimwangalia. Halafu akashuka barazani, akapita kando yake, akaenda kuzunguka lori lile la ugomvi, akagusa yale maandishi ya jina la mtoto, ambayo matope yalikuwa yamekaribia kuyafunika, akasema, "Rangi iko natoka. Tutaipaka ingine." Akarudi, akakaa naye kwenye ubao.

Mama Masika, aliyekuwa amesimama karibu nami, akasema polepole, "Mutoto, kintu ilikuwa mo kweli. Ilikuwa mo miaka mingi." Ni mwanamke mwema sana. Lakini nakiri kwamba kihesabu hiyo haihesabiki, mshipi wangu haukuona kitu.

Kuhusu Kavira, Papa Paluku alisema neno lake amelichukua na hawezi kulitoa tena bila sababu, basi mwulizeni Kasereka, yeye ndiye aliyelia. Papa Kasereka akafuta uso, akaniangalia kutoka juu hadi chini kama mtu anayekagua mzigo. Akasema mbuzi zitabaki vilevile kama desturi, ila ziongezewe gunia la birayi (kirayi kikiwa kingi) kutoka Nyamitaba, zile kubwa, na siku ya sherehe yeye mwenyewe atachagua kimoja. Nikauliza cha nini. Akasema nitajua.

Tangu siku ile, kabla ya kupima chochote, napima ndoo tupu kwanza. Profesa nilimsimulia kila kitu, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaniagiza niiandike kwenye utafiti wangu, kwa lugha ya heshima, kama mfano wa hatari ya kujidokezea mwenyewe. Niliandika "sampuli kadhaa." Sikutaja kwamba sampuli mojawapo ilikuwa katekista.

Na siku ya mahari ilipofika, meza ndefu ilikuwa ya zile mbao nyekundu, imepigwa randa vizuri, na watu wa Butembo na wa Walikale na wa Nyamitaba wamekaa pande zote, lori limeegeshwa pembeni na rangi mpya, halina jina la mtu yeyote. Nyama ikapita, ugali ukapita, sombe ya majani ya mihogo ikapita. Sahani yangu ikaja ya mwisho, ameibeba Papa Kasereka mwenyewe. Juu yake kirayi kimoja, kizima, kimemenywa, kimechemshwa, ukubwa wa ngumi.

"Mukwe," akasema Papa Paluku kutoka mwisho wa meza, na watu wote wakageuka kunisikiliza. "Weye unaonaka ndani bila kufungua. Utuambie, imeiva?"

Kavira alikuwa kando yangu. Safari hii alinikanyaga mapema. Lakini nilikigeuza kile kirayi, nikakibonyeza kwa kidole, nikakiangalia pande zote, nikasema kwa uhakika, "Imeiva, Papa," nikauma.

Katikati kilikuwa kibichi.